Bethwel na Kitenzi cha Muthoni

Bethwel alikuwa na ekari moja ya chai huku Kiptere, ng'ombe wawili, na kamusi kuukuu ya Kiingereza cha mitaani aliyoinunua sokoni Litein mwaka wa 1993. Ng'ombe hawakutusumbua. Kila alasiri, tukingoja lori la kiwanda kwenye kituo cha kupimia majani, alitufundisha vitenzi kwa lazima. "Dig" ni kuchimba, lakini pia ni kupenda, na pia ni kuelewa. "Crash" ni kugonga gari, au kujilalia kwa watu, au kujipeleka kwenye harusi bila kualikwa. Ukimwambia neno moja linatosha kazi moja, alikuhurumia waziwazi. Hilo liliniudhi sana.

Mwaka wa 1996 akagombea uenyekiti wa kituo, kazi ya kutusemea kiwandani. Aliutaka mpaka akaanza kupiga pasi shati la kuchumia chai. Mpinzani wake, Hezekiah, alikuwa mpole asiye na maneno, na tulimpenda kwa hilo.

Siku ya kura, Muthoni, aliyetuuzia mandazi pale kituoni, alimwita Bethwel mbele ya watu wote.

"Mzee, na 'dromp' ni kufanya nini?"

Bethwel hakupepesa jicho. "Hiyo iko na maana tatu. Ya kwanza, kulala na viatu. Ya pili, kutembelea jirani saa ya chakula. Ya tatu, kukasirikia ng'ombe."

"Haki, hiyo nimeitunga saa hii nikikaanga mandazi!"

Tulicheka mpaka vikapu vikapinduka. Bethwel akainamisha kichwa, akajifanya anaokota majani yaliyomwagika. Nilimhurumia, nikajishangaa.

Tukaambiwa tupange foleni nyuma ya tunayemtaka. Karibu wote tukaenda kwa Hezekiah. Sellah, mama aliyetushinda sote kwa kuchuma, akabeba kikapu chake akasimama nyuma ya Bethwel.

"Mmesahau wiki jana lori haikukuja, majani ikaoza?" akatuuliza. "Hezekiah alienda kiwanda, wakamwambia angoje, akasema asante. Huyu Bethwel, hata kama neno haiko, anakupatia maana tatu. Wacha meneja wa kiwanda apambane na yeye."

Tulitazamana. Kisha watu wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, nami nikiwemo. Hezekiah aligeuka, akaona yuko peke yake, akaja akapanga foleni nyuma yangu.