Mvumo Juu ya Sauti ya Mama

Nakumbuka alasiri moja ya enzi za Mwingereza, mwanangu, nilipokuwa nimeinama juu ya gramafoni ya umeme, jasho linanitoka na Arusha yote ina baridi. Baba alikuwa amekuja kwa basi kutoka Machame. Alikaa upande wa mbele wa hoteli ya Bibi Mwanahamisi, amevaa koti lake la kanisani, akinywa chai taratibu. Alikuja kusikia sauti ya mama, ambaye tulimzika mwaka uliotangulia.

Mama aliongoza kwaya. Kabla hajaugua, watu wa redio walipita usharikani na gari lao, wakamrekodi akianzisha wimbo peke yake, kisha kwaya ikampokea. Walituachia santuri moja, ile laini inayochorwa papo hapo, isiyo na nakala. Nyumba yangu ya Kijenge haikuwa na umeme, na Baba alikuwa hajaisikia hata mara moja. Bibi Mwanahamisi, mtu wa Pangani aliyeuza chai mjini, akanipa chumba cha nyuma chenye mashine yake ili niijaribu kwanza.

Nikaweka sindano. Ukatoka mvumo kama wa nyuki waliochokozwa, na mama yuko chini yake, mbali. Nikairudisha sindano mwanzo. Nikaifuta santuri kwa khanga, nikarudisha. Nikabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili kikandamize vizuri, nikarudisha tena. Haraka haraka haina baraka, nalijua hilo tangu utoto, lakini mwenye hofu haambiliki. Nyuzi nyeusi nyembamba zikaanza kujikunja kwenye ncha ya sindano, nami nikawa nazipuliza tu.

Bibi alipoingia aliziona.

"Anna, hizo ni nini?"

"Uchafu tu, Bibi."

"Si uchafu. Hiyo ni santuri yenyewe, inalika. Hebu nyanyua huo mkono wa sindano."

Nikanyanyua. Sindano ikawa hewani, na mvumo ukaendelea vilevile.

"Umesikia? Mama yako hana kosa. Kelele ni ya mashine, na wewe unamkwangua marehemu."

Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Akaichukua santuri akaiweka juu ya kabati, tukaanza kuitafuta kelele mashine ikiwa tupu. Tuliutenga waya wa sindano na waya wa umeme, mvumo ukapungua kidogo. Nilipoutikisa ule wa sindano pale unapotokea chini ya mkono wake, mvumo ukakatika, ukarudi. Bibi akazima, akachomoa waya ukutani, tukaifunua mashine. Ule wavu wa shaba unaouvika waya wa sindano ili mvumo wa umeme usipenye ulikuwa umekatika. Tukausokota mahali pake. Alipowasha tena, spika ilikaa kimya.

Lakini mwanzo wa santuri ulikuwa umeshalika. Tulimwita Baba, akakaa, akavua kofia, nikaweka sindano, na pale mama alipoimba peke yake pakatoka mkwaruzo mtupu. Sikuthubutu kumtazama. Halafu kwaya ikaingia, sauti nyingi kwa pamoja, safi.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Nimeiharibu sehemu yake."

Akainua kiganja ninyamaze.

"Yumo," alisema. "Huyo anayewatangulia wenzake. Hakujua kusubiri mpaka anakufa."

Alicheka huku analia, nami nikalia naye.

Mwanangu, kelele haitakosa kuingia nyumbani kwako. Utamsikia mwenzio vibaya, au mtoto wako, na hofu itakusukuma umrudie kwa maswali yaleyale, ukimkandamiza zaidi kila mara. Mpumzishe kwanza. Mwache akae pembeni, kisha usikilize kama mvumo bado upo. Ukiwa upo, basi hautoki kwake. Tafuta kwenye mambo yako, na mara nyingi utakuta ni kitu kidogo kilicholegea. Na kisicho na nakala usikifanyie majaribio. Binadamu hana nakala.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira, na wale uwapendao akujalie uwasikie vizuri wangali hai.