Panya Waliokataa Kuanguka

Mtaani walimwita Mama Panya, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Akipita asubuhi na mkoba wake, muuza mboga wa pale kona humuuliza kama watoto wameamka salama. Yeye hucheka na kupita zake. Wenzake wa darasani walishaajiriwa zamani, naye bado alikuwa chuoni akibadilisha maranda kwenye vizimba, akisaka shahada iliyomkimbia kila akiikaribia.

Panya wake walizaliwa bila jeni moja, ile inayotengeneza vipokezi vya kutuliza katika sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Kazi ya vipokezi hivyo ni breki: huzifanya seli zinyamaze, zisirushe ujumbe ovyo. Panya asiye na breki hiyo alitarajiwa apepesuke kama mlevi. Basi wakapandishwa juu ya kijiti kinachozunguka, ambapo panya asipopanga miguu yake vizuri huanguka. Hawakuanguka. Walitembea kwa madaha, utadhani wamezaliwa hapo juu.

"Umechanganya vizimba," profesa wake alisema.

"Sijachanganya, Profesa."

"Basi jeni haikutoka. Mwisho wa mwezi nakihitaji chumba hiki. Panya hawa tutawaondoa, na wewe tutakutafutia kitu kingine."

Kitu kingine maana yake kuanza upya, na miaka yote ile iende na maji. Mama yake mzazi alipolisikia hilo, aliona mlango umefunguka.

"Mwanangu, si uende tu ukafundishe shule? Upumzike."

"Mama, hawa panya wana jambo."

"Jambo gani? Wewe mwenyewe unasema kuna kitu hawana kichwani."

Walicheka wote wawili, lakini roho ilimuuma. Hakuwa tayari kuambiwa kazi yake ni makosa ya vizimba.

Alianza kwa kupima jeni upya, panya mmoja baada ya mwingine. Haikuwepo. Sasa, gari lisilo na breki likisimama kila mara mahali pake, lazima kuna kitu kingine kinacholizuia. Panya hawa hawakupokonywa vipokezi ukubwani. Walivikosa tangu tumboni, na ubongo uliokuwa ukijijenga ulipata muda wa kujipanga. Kwenye utando wa kila seli kuna vijia vingine vya kupitisha chembe za chumvi, na vikiachwa wazi zaidi, seli hutulia vilevile. Huenda ubongo ulikuwa umeshika njia hiyo kimyakimya, bila kumuuliza mtu.

Kulithibitisha hilo kulitaka ukatili kidogo. Ilibidi awape dawa ya kuviziba vijia hivyo, kwa kipimo kidogo ambacho panya wa kawaida, mwenye breki yake, hatakijali, kisha awatazame wake wakishindwa. Ni yeye aliyewalea, akawajua kwa mikia na kwa tabia. Hata hivyo akakaza moyo, akaomba dawa, akanyimwa, akaomba tena mpaka aliyeitunza akachoka naye akampa.

Siku ya jaribio profesa alisimama karibu na mlango, mikono kifuani. Panya wa kawaida alipewa dawa akatembea kama kawaida yake. Kisha ikafika zamu ya panya jike mmoja asiye na jeni, mwenye maringo kuliko wote, ambaye hakuwahi kuteleza hata mara moja. Kijiti kikaanza kuzunguka. Akatembea. Mama Panya akakiinamia kijiti.

"Anguka," alinong'ona. "Anguka, mwanangu."

Mguu wa nyuma ukakosa mahali, mwili ukayumba, na panya akadondoka kwenye sifongo chini.

"Rudia," profesa alisema, sasa akiwa ameikaribia meza.

Alirudia, na kwa wengine pia. Wa kawaida walitembea, wake walianguka. Profesa alikohoa, akavua miwani.

"Chumba baki nacho," alisema. "Nilikosea."

Mama Panya alikuwa amemwokota yule jike, akamfunika kwa viganja mpaka dawa imwishe, na machozi yalimtoka bila aibu.

"Kumbe muda wote huo ulikuwa unajishikilia kwa nguvu zako zote," alimwambia, "na sisi tunakutazama tunasema huna tatizo."