Unyoya wa Bawa la Kushoto

Mzee Kambi wa Jilore hukata mwenyewe manyoya ya mishale. Huchagua ya kanga, akayapasua kwa kisu, kisha akafunga matatu kwa kila mshale, yote ya bawa la upande mmoja. Ukichanganya ya kulia na ya kushoto, mshale huyumba.

Tangu mvi zimjae kichwani, majirani wananong'ona kwamba ni mchawi, naye anajua wazee wanaosemwa hivyo huishia vipi. Jana magharibi, akifunga mlango, kitu kilimvumia sikioni kikajikita kwenye mwimo. Mshale! Alijifungia ndani, akakesha hadi alfajiri.

Kulipokucha akauchomoa, akautazama. Lahaula! Kazi ya mikono yake mwenyewe. Manyoya mawili yalikuwa ya bawa la kulia, wa tatu wa kushoto. Siku alipoufunga, macho yalimdanganya. Nao ulikuwa mmoja wa mishale aliyomtengenezea Sanga, mwana wa dada yake, ya kufukuzia nyani shambani.

Papo hapo pakabishwa hodi.

"Shikamoo, mjomba." Alikuwa Sanga.

"Ma... marahaba."

"Mshale wako mmoja unayumba, mjomba. Nitengenezee mwingine, leo hii."