Mafuta ya Mapasa na Hewa ya Wapiga Mbizi

Andika bila kulainisha neno, mjukuu wangu. Watu wa upande wa bibi yako wanasema hadi leo kwamba nilidharau ukwe. Sikudharau. Nilikataa mafuta.

Wakati huo, hapa Elisabethville, karakana yetu ilitunza vifaa vya wapiga mbizi waliokagua milango ya bwawa. Vilikuwa vifaa vya hewa ya kawaida. Tukaamriwa tuvigeuze vipitishe oksijeni tupu, waivute wakishatoka kwenye maji ya kina, miili yao ipate kutulia. Kila valvu ilifunguliwa, ikaoshwa grisi yote, ikakaushwa, ikawekwa mipira mipya inayovumilia oksijeni. Baada ya hapo haikuguswa ila kwa mikono isiyo na mafuta hata chembe. Sikuwahi kuketi darasani, lakini macho ninayo: mwenzangu alifungua mtungi wa oksijeni kwa haraka, grisi kidogo ikiwa imesalia shingoni mwa mtungi. Moto ulimrukia usoni, na kidevu chake hakikuota ndevu tena.

Bibi yako akajifungua mapasa, watoto wawili kwa mpigo. Kwao, baba wa mapasa hupakwa mawese mwili mzima kabla ya kuvuka kizingiti. Asubuhi hiyo hiyo mimi nilingojwa kufunga valvu za mwisho.

Mama mkwe aliketi uani, amenipa mgongo, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Maneno yalipitia kwa shangazi wa bibi yako.

"Mwambie alete kichwa."

"Baba Mapasa, leta kichwa."

"Mwambie mama nitapakwa nikitoka kazini."

"Anasema akitoka ku kazi."

"Nimesikia, siko kiziwi! Muntu wa kukimbia mafuta anakimbia batoto. Tunarudia nabo kwetu leo, na mama yabo."

Shangazi akacheka. "Weye! Iko mafuta tu, haiko pilipili!"

Nguo za bibi yako zilikwisha kufungwa kwenye kitambaa. Yeye alikuwa akinitazama, mtoto huku na mtoto huku. Basi nikamzunguka shangazi, nikasimama mbele ya mama mkwe.

"Mama, mafuta haya yakikutana na hewa ile, muntu atawaka mdomoni. Naye ana mama yake. Mke wangu haondoki, batoto hawaondoki. Jioni nipake hata ndoo nzima."

Wanawake wakapiga kelele. Mama mkwe akajifunika uso. Nikachukua kofia, nikaenda.

Nilifunga valvu, nikafungua mtungi polepole. Mpiga mbizi alivuta hewa yake akiwa mzima, akaondoka bila kuniaga.

Niliporudi, mama mkwe na watu wake hawakuwapo. Bibi yako aliketi mlangoni na watoto wote wawili.

"Walinivuta mkono," akasema. "Nimekaa. Leta kichwa."

Akanipaka mwenyewe, majirani wakitazama. Watu wa upande wake walinidai msamaha wa ukwe miaka mingi. Sikuomba, wala siombi. Usiandike "labda".