Mkondo C, Nyuma ya Stoo

Nilikwenda shuleni kupeleka cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Nikitafuta choo, nikatokea nyuma ya stoo, kwenye chumba kisicho na dari. Watoto wakubwa kwa wadogo wameketi sakafuni, ubaoni pameandikwa ba, be, bi. Kati yao alikuwa binti wa jirani yangu wa mtaa wa Bangwe, mwanafunzi wa darasa la nne. Huyu ndiye humsomea mama yangu maelezo ya dawa zake.

"Unafanya nini humu?"

"Ndiko kwetu, mama. Mkondo C, wa wasiojua Kiswahili."

Alinijibu kwa Kiswahili, tena kilichonyooka!

Babu yake alivuka ziwa kutoka Burundi. Yeye na mama yake wamezaliwa hapa hapa. Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Lafudhi yao inawaharibu wenzao," akasema. "Wazazi wenyeji walilalamika."

Mwalimu yule ni Muha kama mimi. Akisema Kiswahili, Kiha unakisikia kimejaa tele mdomoni. Nikamwambia hivyo. Akakunja uso.

"Lakini mama, si mlipitisha wenyewe kwenye mkutano wa wazazi? Madarasa ya usaidizi."

Nilikuwepo. Nilinyoosha mkono bila kuuliza ni usaidizi gani, nikawahi kuondoka. Hasira niliyokuwa nayo juu yake ikanigeukia mimi.

Mwishowe akakubali kumhamisha binti yule mmoja. Nikamfuata mama wa binti ufukweni Kibirizi, anakoanika dagaa, nikampa habari. Hakuacha kuwageuza.

"Na wenzake je?"

"Hao bado."

"Basi naye abaki kwanza. Nikimtoa peke yake, hao wengine nitawatazamaje mama zao? Tunaanika pamoja hapa."

Mkutano uliofuata walikuja akina mama wote wa Mkondo C, na kanga zao za kazini. Baba mmoja akaziba pua. Nikasimama, nikasema mkono wangu ulikosea na ninauondoa. Tukabishana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Chumba kikafungwa.

Lakini watoto walipohamishwa, walipangwa wote madawati ya nyuma, upande mmoja. Binti yule aliniambia hajachaguliwa kujibu swali hata mara moja, ingawa mkono wake hauteremki. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Upole ule ndio ulionichoma.

Kesho yake mama yake aliacha dagaa juani, tukaenda kukaa darasani, dawati la nyuma kabisa. Mwalimu wa darasa akatutazama. Kisha akamchagua binti.