Hodi Tatu Nilizozifuta

Sikusomea kompyuta mahali popote. Nilijifunza kwenye simu, kisha kwenye laptop ya mtumba, katika chumba changu hapa Mikumi. Labda ndiyo maana nilipokubaliwa kusimamia maoni kwenye ghala la mtandaoni la programu za bure, linaloendeshwa na watu wa kujitolea, nilishika kanuni kama mtu anayeogopa kufukuzwa. Nilipewa kurasa za programu zilizoachwa, ambazo waliozitengeneza hawajibu tena. Kanuni ilisema maoni yasiyosema lolote kuhusu programu yafutwe. Nilifuta "asante", nikafuta "nzuri sana". Nilirudi kukagua nilichofuta, nikakagua tena, chakula kikipoa.

Programu moja ilikuwa ya kuandika vipimo vya mvua. Jumatatu mtu akaandika chini yake: "Hodi." Nikafuta. Jumanne: "Hodi wenyewe." Nikafuta. Jumatano akabisha tena, nikafuta, na nikajisifu kidogo moyoni kwamba ukurasa ni safi. Hakurudi.

Nimelelewa Kilosa. Najua mwenye adabu habwagi shida yake mlangoni kabla hajakaribishwa, na hodi ya tatu ikikosa jibu huenda zake. Nilijua, ila kanuni haikusema hivyo.

Jumamosi akaandika binti wa huyo aliyebisha, mwalimu wa Kidodi. Baba yake ni mkulima wa Kisanga, hupima mvua kila asubuhi. Tangu awekewe toleo jipya, programu ilimwonyesha kurasa tupu. Misimu sita haionekani. "Alitaka kuuliza tu," aliandika. "Kwani mlimdhania mwizi?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelisoma zamani kwenye maoni ya ukurasa uleule: vipimo vya zamani bado vimo kwenye simu, ila ukiandika kipya kinakaa juu yavyo na kuvifuta. Nikaomba namba, nikapiga.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi niliyefuta hodi zako."

"Marahaba. Nilidhani hamna mtu."

Nikamuuliza kama ameandika chochote. Akasema tangu Jumatatu hakuigusa, akisubiri tumwitikie. Alhamisi ikanyesha mvua nzuri, akaona ataikosa na hiyo, akaandika. Nikamweleza maana yake. Nikasikia kuku upande wake.

"Kwa hiyo Jumatano mvua zangu zilikuwemo?"

"Zilikuwemo, mzee."

"Haya."

Akauliza nani anaitunza programu hiyo sasa. Nikasema hakuna. Akasema basi tungeandika hivyo juu kabisa, mtu aone kabla hajaweka mvua zake humo.

Onyo nimeliweka, na kila siku nalibadilisha neno. Fomu ya kuomba kuitunza programu hiyo mwenyewe nayo nimeijaza. Nikitaka kuituma naona kosa, narudi mstari wa kwanza.