Chati za Fundi Nyota zasomwa kwa vidole

Saa mbili asubuhi, chai inapoa pembeni ya kompyuta, mwenyewe hana habari nayo. Kwenye dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, anaandika amri moja. Papo hapo vinyota vinajipanga safu kwa safu: mvua ya mwaka mzima, imechorwa kwa herufi tupu.

Katika ofisi ya maji wanamwita dada huyu Fundi Nyota. Programu hiyo aliitunga mwenyewe, na wahandisi huitumia kutazama vina vya mabwawa.

"Wapo wanaosema ni mambo ya kizamani," anacheka. "Nawaambia, ya kale ni dhahabu."

Kisha kaka yake, mwalimu wa jiografia, akapofuka kwa presha ya macho. Darasa akaliacha.

"Nifundishe mvua nisiyoiona?" anasema kaka mtu. "Nilijihesabu mzigo."

Alijifunza kusoma nukta nundu kwa kifaa kinachoinua mstari mmoja tu wa maandishi kutoka kwenye kompyuta. Fundi Nyota akamletea chati yake. Nguzo zake za vinyota zilikuwa zimesimama wima, kwa hiyo kila mstari ulibeba vipande tu.

"Mdogo wangu, hapa nashika makapi," kaka akamwambia.

Neno lile lilimchoma. Akaanza kuifumua programu. Akazilaza nguzo ubavu, kila mwezi ukapata mstari wake: jina kwanza, kisha vinyota, kisha kiasi. Akaongeza na mlio unaopanda kadiri mvua inavyozidi. Mara nyingi alichokitengeneza kilivunja kingine. Hakuacha.

Siku ya kujaribu, wakakaa jikoni. Kidole cha kaka kikapita Januari, fupi. Februari, fupi. Kufika Aprili kikaenda, kikaenda, mpaka mwisho wa kifaa. Mlio nao ukapanda juu kabisa.

"Hii yote ni mvua?"

"Yote, kaka."

 Kaka akarudi mwanzo, akaipapasa upya, taratibu, kama mzazi anayepapasa uso wa mtoto aliyerudi kutoka mbali. Machozi yakamtiririka.

"Nilijua vinyota vyangu vinachora," anasema Fundi Nyota. "Sikujua kama vinanyesha."

Muhula huu mwalimu amerudi darasani. Na mwenye njaa akionja, hashibi kwa tonge moja: sasa anadai ramani za milima.

"Nitampa," anaapa dada mtu. "Lakini tuanze na vilima, asije akateleza."